Mtoto Niliyemdhania Mkaidi

Kosa ninalolieleza hapa ni langu mwenyewe.

Nilikuwa nikifundisha darasa la tatu hapa Kasongo, akaja mtoto mmoja kutoka upande wa Kabambare. Jamaa zake walikuwa wamekimbia vurugu, naye akakaa kwa mjomba wake. Nilipomwita, hakuinua kichwa. Nilipoamuru darasa lisimame, yeye alisimama wa mwisho, baada ya kuwatazama wenzake. Nikasema, huyu ni mkaidi. Nikamchapa mara mbili.

Siku moja mjomba akanijia. “Mwalimu, huyu hakuzaliwa hivi. Masikio yake yalitoka usaha miaka miwili. Tukayatia mafuta, tukangoja.” Niliona haya kubwa. Usaha usiotibiwa hutoboa ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio. Surua pia, na homa ya uti wa mgongo, na hata kinini iliyozidi kipimo, huweza kumwondolea mtu usikivu.

Tulimpeleka kwa mganga hospitalini. Usaha ulikauka, usikivu haukurudi wote. Basi nikamketisha benchi la mbele, nikaacha kusema huku nimeuelekea ubao, maana alisoma midomo yangu. Wenzake walifanya zaidi kuliko mimi: walibuni naye ishara za soko, mto, njaa. Ishara yangu ilikuwa kidole kwenye paji la uso, penye kovu langu. (Wakati wa mtihani ishara hizo zilinisumbua sana!)

Baadaye nilisoma kwamba Padri de l’Épée wa Paris, katika karne ya 18, naye alianzia kwenye ishara walizokuwa nazo viziwi wenyewe. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule Accra mwaka 1957, kisha katika nchi nyingi za Afrika, Kongo yetu ikiwamo. Na huko Tabora, mji uliounganishwa na Kasongo kwa njia ya misafara ya zamani, Kanisa lilifungua shule ya viziwi mwaka 1963.

Lakini mjomba alitaka kumrudisha Kabambare akalime. “Kiziwi atapata nini shuleni?” Nikamwonyesha daftari la hesabu: alama nane juu ya kumi. Akalitazama kwa muda mrefu, asijibu.

Waliondoka baada ya masika. Dada yake mdogo, aliyezijua ishara zote, alifuatana naye akiwa na daftari kichwani. Walipofika kwenye miembe, mtoto aligeuka, akatia kidole kwenye paji la uso.