Masasi Hadi Newala: Picha Ipi Iende Ramanini?

Msafiri anayekwenda Masasi huiona milima ya mawe kabla hajauona mji. Ni mawe makubwa yaliyosimama peke yake juu ya nchi tambarare, na nyumba zimejipanga miguuni pake. Chini ya mlima mmojawapo, Mtandi, lipo Kanisa Kuu la Anglikana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi akitokea Lindi, pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaanza maisha mapya. Walikuja kwa miguu. Siku hizi tunakwenda kwa basi, na wengi wetu njia tunaiuliza simu.

Sisi akina mama wa kikundi chetu tulisafiri huko msimu wa korosho, tukakaa siku nne. Tulitaka kuona nchi, lakini tulikuwa na kazi pia: kupiga picha za mahali na kuziweka katika ramani ya mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuichangia. Msomaji huenda akauliza, kazi hiyo inawahusu nini wanawake wenye nyumba na watoto? Inatuhusu sana. Ni nani anayempeleka mtoto hospitali asiyoijua? Ni nani anayemsindikiza binti shule ya mbali, au anayekwenda msibani katika kijiji ambacho hajawahi kukanyaga? Mara nyingi ni mama.

Ramani hizi si ngeni tena. OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004, na Google Maps mwaka 2005. Hapa kwetu, mwaka 2015 wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walianza kuchora mitaa inayofurika maji, katika mradi wa Ramani Huria. Mwaka huohuo kundi la Crowd2Map Tanzania lilianza kuviweka vijiji ramanini, na ramani zake zimesaidia mkoani Mara kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Kwa hiyo ramani inaweza kuokoa mtu. Picha mbaya inaweza kumpoteza.

Mfikirie anayekuja

Tulianzia Hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Tulijiuliza: kama mwanamke ameshikwa na uchungu usiku, na mumewe ni mgeni hapa, picha gani itamfaa? Tukaona hahitaji picha ya maua wala ya sisi tukitabasamu. Anahitaji kuliona lango jinsi linavyoonekana kutoka barabarani, kibao chenye jina, na upande ambao gari linaingilia. Basi tulimwomba ruhusa mlinzi, tukasimama ng'ambo ya barabara, jua likiwa nyuma yetu, tukapiga picha ya lango tu. Wagonjwa na jamaa zao waliokaa kivulini tuliwaacha nje ya picha. Mtu hakuja hospitali ili jirani zake wamwone kwenye simu.

Tuliona pia mfano wa kusikitisha. Zahanati moja katika safari yetu ilikuwa imewekewa ramanini picha ya karamu ya harusi: bibi harusi, keki na maturubai. Aliyeiweka pengine alifurahi tu. Lakini mama mwenye mtoto anayedegedeka, akifungua picha hiyo, atajua vipi kama amefika?

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: picha ya ramani ni ya mahali. Picha za sherehe, za familia na za matangazo ya biashara zina nafasi yake kwingine. Usiandike maneno juu ya picha, wala usiipake rangi za kuipamba hadi ukuta mweupe ukawa wa dhahabu. Onyesha na mambo madogo yanayomsaidia mtu: ngazi, njia ya kiti cha magurudumu, choo, bomba la maji, mahali bodaboda wanaposimama.

Iwe yako, na iwe mahali pake

Pale Mtandi mmoja wetu alikuwa na picha nzuri ya kanisa aliyotumiwa na rafiki. Tulimshauri asiiweke. Picha ni mali ya aliyeipiga, na ramani hizi hutaka uweke uliyoipiga mwenyewe, au uliyopewa kwa ruhusa ya wazi. Picha ya kalenda au ya gazeti haifai, hata ikiwa inapendeza kiasi gani. Ibada ilipokwisha tuliomba ruhusa ya wenyeji, tukapiga ya kwetu.

Jambo jingine ni alama ya mahali. Mtandao haupatikani kila kona, kwa hiyo mara nyingi utapiga picha porini na kuiweka jioni ukiwa mjini. Simu inaweza kudhani kwamba kanisa la kijijini liko penye nyumba ya wageni uliyolala. Hakikisha kwa macho yako kwamba alama imekaa juu ya jengo lenyewe. Tulipofika Lupaso, kijiji alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa mwaka 2020, tuliandika katika daftari jina la kila mahali na saa tuliyopiga. Daftari la shilingi chache lilitusaidia kuliko kumbukumbu zetu sita.

Kupanda Newala

Masasi iko chini. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Gari hupanda polepole kati ya mikorosho, na hewa hubadilika. Asubuhi tulijifunga khanga mbili mbili kwa baridi. Stendi tulinunua ming'oko iliyochemshwa, mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huipenda, tukala kwa chumvi na pilipili.

Hapa ndipo tulipoona kwa nini tarehe ni muhimu. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, yenye kilometa 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande, kuanzia kile cha kilometa 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata. Picha ya vumbi ya miaka kumi iliyopita inaweza kumtisha msafiri bure. Na picha ya kiangazi inaweza kumdanganya anayekuja masika. Andika mwezi na mwaka. Mahali pakibadilika, weka picha mpya.

Wenyeji walitupeleka Shimo la Mungu. Ardhi inakatika ghafula, na bonde linafunguka chini yako hadi upande wa mto Ruvuma, ng'ambo yake ikiwa ni Msumbiji. Tulikaa kimya muda mrefu. Tulipoweka picha, tuliandika jina hilohilo wanaloliita wenyewe, Shimo la Mungu, bila kulibuni upya. Tukaongeza neno moja la tahadhari: ukingo ni mkali, wazazi washike watoto mikono.

Maji na heshima ya mwanamke

Udongo wa uwanda huu hunywa mvua yote; huku juu hakuna vijito. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka bondeni kutafuta maji na kupanda tena na mtungi kichwani. Baadaye maji yalianza kusukumwa kwa mitambo kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema. Kituo cha maji kwa hiyo ni mahali pa kuwekwa ramanini kabla hata ya hoteli. Lakini tulipofika kwenye kimoja, akina mama walikuwa foleni, wengine wamejifunga khanga kifuani tu, kama mtu alivyo nyumbani kwake. Tuliwasalimu, tukasaidiana kuinua ndoo, tukaeleza tunachofanya. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Bomba pigeni, wanangu. Sisi subirini tuondoke." Tulisubiri.

Alikuwa na haki, na historia ya hapo inamuunga mkono. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi na Newala na kamera, mashine ya kunasa sauti na ya kuchukua filamu. Alipiga picha za wanawake wenye ndonya midomoni, na hata za wasichana katika unyago. Kitabu chake kilichapishwa Ujerumani mwaka 1908, na picha hizo zinatazamwa mpaka leo. Wale mabibi na wale wasichana wasingeweza kujua sura zao zingefika wapi, wala zingedumu miaka mingapi. Sisi tunajua. Picha ikiingia mtandaoni inaweza kunakiliwa dakika hiyohiyo, na hata ukiifuta, iliyokwisha nakiliwa hairudi.

Kwa hiyo unyago, jando na misiba havipigwi picha za ramani. Watoto wa shule vilevile: piga jengo siku ya Jumamosi, au kabla ya kengele. Mtoto mwenye sare, jina la shule na alama ya ramani, vyote katika picha moja, ni kumwelekeza mtu mbaya hadi mlangoni. Nyumba inayowahifadhi wanawake au wasichana waliokimbia ukatili isiwekwe kabisa, si picha wala jina. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na magereza usizielekezee kamera. Newala iko karibu na mpaka, na huko hakuna mzaha. Tena tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Sura ya mtu si mali ya kila mwenye simu.

Ziko ramani za picha, kama Mapillary, ambazo huzifunika nyuso na namba za magari kwa mashine. Msaada huo ni mzuri, lakini mashine hukosea. Jicho la mama litangulie.

Kabla hujaituma

Jioni ya mwisho, Newala, tulikaa mezani na chai tukazipitia picha zetu moja moja. Kila picha tuliiuliza maswali haya:

Je, inamsaidia mgeni kufika au kujua atakachokikuta?
Je, tumeipiga wenyewe, na mwenye mahali ameruhusu?
Je, jina ni lile la wenyeji, na alama iko mahali pake?
Je, mwezi na mwaka vimeandikwa?
Je, yupo mtu ndani yake ambaye hakukubali?
Je, tungefurahi kama ingekuwa nyumba yetu, au binti yetu?

Swali la mwisho ndilo lililofuta picha nyingi kuliko yote.

Nawe mama unayesoma, huna haja ya kusafiri mbali. Anza na zahanati ya kijiji chako, shule ya kata, kisima, kanisa, kituo cha basi. Mkabidhi kijana wako simu, maana vijana huzijua kuliko sisi, lakini usimwachie uamuzi peke yake. Kaeni pamoja, mfundishe kuomba ruhusa, kuangalia nyuma ya picha ni nani amepita, na kuzima alama ya mahali anapopiga picha za nyumbani. Atajifunza ramani, na atajifunza pia kumheshimu jirani asiyemjua.

Picha ya lango la Mkomaindo tuliiweka usiku uleule. Haina uzuri wowote. Ina lango, kibao, na barabara inayoingia.