Duluti: mtumbwi mmoja, makasia mawili

Ukimuuliza mtu wa Arusha wapi pa kumpeleka mwenzi wako wikiendi, wengi watakutajia sehemu ya nyama choma yenye spika kubwa kama kabati. Mimi sina ugomvi na nyama choma. Ila kama mna jambo la kuzungumza, mtarudi nyumbani mmeshiba na jambo lenu liko palepale. Msomaji wangu, panda Hiace ya barabara ya Moshi ushuke Tengeru.

Ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini. Ukishuka unachukua bodaboda, unapita katikati ya migomba na kahawa za Wameru, halafu ghafla miti inakuwa mirefu, hewa inapoa, na huko chini unaona maji ya kijani yametulia kama kwenye bakuli. Hilo ndilo Ziwa Duluti. Jamani, kuna watu wamezaliwa Arusha, wameolewa Arusha, hawajawahi kufika hapo! Wanaliona kwenye kalenda.

Bakuli lenyewe ni shimo la volkano. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,562, umezungukwa na vilima na mashimo ya moto wa zamani, na Duluti ni shimo mojawapo lililojaa maji. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji yanatoka ardhini na mvua inaongezea. Ziwa ni dogo, halifiki hata kilomita moja ya mraba, na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu umelikumbatia pande zote. Utasikia hadithi kwamba halina mwisho. Waliolipima wanasema kina chake ni kama mita 9, lakini ukiwa katikati ya yale maji, nakuhakikishia, utaamini hadithi. Meru yenyewe ilitema moto mara ya mwisho mwaka 1910, ikanyamaza.

Tulikwenda mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikiwa imekolea. Watoto tuliwaacha kwa dada yangu. Nyumbani kwetu, ukitaka kuongea na mumeo unapanga foleni nyuma ya televisheni, mama mkwe, kazi za shule na simu. Na hiyo simu ndiyo iliyokuwa inaniumiza kichwa: wiki tatu nzima baba watoto alikuwa anatoka nje kupokea. Shoga yangu akaniambia chunguza, chukua simu akiwa bafuni. Sikuchunguza. Niliazima hema.

Kijana wa mitumbwi alituamkia vizuri, akatuvalisha majaketi ya kujiokolea, akatupa makasia mawili. Mimi kuogelea sijui, na nilimwambia mapema. Akacheka, "Mama, hapa hatuogelei, tunaelea." Kisha akatupa somo fupi: anayekaa mbele anatoa mwendo, anayekaa nyuma ndiye usukani. Wa mbele asigeukegeuke. Wa nyuma amfuate wa mbele kwa mapigo, lakini njia achague yeye.

Bila shaka mume wangu alikaa nyuma. Si unajua tena wanaume na usukani. Tukazunguka kama kuku aliyekunywa pombe, yeye anapiga kelele "kulia! kulia!", mimi nachota maji na kumwagia mapajani. Kijana aliyekuwa anatufuata na mtumbwi wake akatuvumilia kwa dakika kumi, halafu akaturudisha ukingoni. "Mzee, hebu wewe kaa mbele, una nguvu. Mama akae nyuma." Shikamoo kijana! Tulikwenda moja kwa moja mpaka ng'ambo.

Kule ng'ambo ndiko kuzuri. Matawi yameinama mpaka kugusa maji, mdiria anapita chapu kama jiwe la rangi, minandi wamekaa kwenye gogo wametandaza mabawa yakauke. Kenge mmoja alijitupa majini karibu yetu, nikapiga ukelele uliorudi kutoka pande zote za ule mduara. Tulipoacha kupiga makasia, kimya kilikuwa kizito kiasi kwamba nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye kasia lake.

Hapo ndipo akasema, akiwa amenipa mgongo. "Nimepata mkataba Doha. Miaka miwili."

Nadhani asingeweza kuniambia ana kwa ana. Na mimi, nikimtazama kisogo tu, sikuweza kumkatisha kwa uso wangu ambao yeye huusema kwamba unahukumu kabla ya kesi. Nikamuuliza simu zile zilikuwa za nani. Za wakala. Nikamuuliza amesaini? Hajasaini. Mama yake anajua? Kimya. Anajua.

Hilo la mama kujua kwanza liliniuma kuliko Doha yenyewe, nikamwambia. Hakubisha. Utakimbilia wapi katikati ya ziwa, na usukani anao mkeo?

Usiku tulikaa pembeni ya hema, ndizi zinaiva kwenye mkaa, chai ya tangawizi kwenye chupa. Kima walikuwa wameshalala, vyura ndio wenye zamu. Tukahesabu kwa vidole: nyumba imeishia kwenye lenta, ada za watoto wawili, mkopo wa chama. Akasema mshahara. Mimi nikasema yangu: kwanza, sihamii kwa wakwe. Hela ya ujenzi inaingia kwenye akaunti ya sisi wote, siyo kwa mama. Na likizo ya kila mwaka iandikwe kwenye mkataba kabla hajashika kalamu, maana nimeshaona ndugu wa watu wanaahidiwa likizo kwa mdomo. Alisema atafikiri kuhusu lile la akaunti. Tukalala tumenuniana kidogo, lakini baridi ile ya Duluti haina adabu, usiku wa manane mnasogeleana tu.

Asubuhi tulitembea kuzunguka ziwa, halafu tukaenda kuona makaburi ya Wapolandi, yako huko huko Tengeru. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, wakimbizi wa Poland walianza kuletwa hapa. Walifika kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu, wakapitia Iran. Kambi ilidumu mpaka mwaka 1952. Waliobaki ni wale wa makaburini, kama 150. Mume wangu alisoma majina ambayo hawezi kuyatamka, moja baada ya jingine, mikono nyuma. Tulipotoka getini akasema, "Akaunti sawa. Ya wote wawili."

Sasa kama unakwenda: weka salio la kutosha kwenye simu, kwa sababu malipo ya serikali siku hizi ni kwa namba ya malipo. Kuanzia Juni mpaka Agosti beba blanketi mbili, usidanganywe na jua la mchana. Maji ya kunywa na mkaa nunua Tengeru, na ukiweza nenda Jumamosi ukute soko kubwa, parachichi za kule ni kubwa kama kichwa cha mtoto. Milima inaonekana asubuhi na mapema; ikifika saa nne mawingu yamemaliza kazi.

Aliondoka mwezi wa tisa. Akija likizo nataka tujaribu maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako nako wanapiga makasia. Huko kuna viboko, kwa hiyo mnasindikizwa na askari mwenye bunduki. Mimi nimeshamwambia nafasi yangu ni nyuma.