Kisiwani mwezi wa kwanza, au kuomba tena? Swali la binti ya dada yangu

Baraka, Fizi. Wandugu wasikilizaji, nanyi mliokimbia vita mnaosoma hapa kwenye simu ya kuazima, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga wa muhogo. Nawaletea jambo la jamaa yangu. Nililigusa kidogo kwenye klabu yetu ya wasikilizaji, na tangu siku hiyo watu wanne wamenifuata nyumbani. Kila mmoja ana kijana Kentucky, Iowa ao Texas anayetaka kuwa daktari, na kila mmoja ameletewa swali ambalo huku hatuna hata maneno ya kulijibu. Basi tuseme pamoja.

Binti ya dada yangu alizaliwa Nyarugusu, kule Kigoma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya watu wetu waliovuka ziwa. Alipelekwa Marekani na mama yake akiwa na miaka 13. Sasa wako Lexington, Kentucky, mji ambao ukiingia duka fulani unasikia Kiswahili chetu kama uko sokoni Baraka. Alimaliza chuo kikuu, masomo ya biolojia. Usiku anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na kutoka mshahara huo ndiyo anatutumia dola 100 kila mwezi: dawa za presha za nyanya yake na minervali ya watoto wawili walio sekondari.

Mwaka jana aliomba shule 11 za udaktari, zote za aina inayoitwa osteopatia. Mbili zilimwita kumhoji. Moja ikamkataa. Nyingine ikamweka kwenye orodha ya kungojea, na mwezi wa saba ikamwandikia kwamba nafasi zimejaa. Wiki hiyo hiyo ikafika barua nyingine, kutoka shule ya udaktari iliyo kisiwani, katika bahari ya Karibi: umekubaliwa, masomo yanaanza mwezi wa kwanza, tuma dola 1,000 ndani ya wiki mbili ili tukushikie nafasi.

Mnajua mtu aliyefungiwa milango kumi na moja anavyoisoma barua ya namna hiyo. Alinitumia sauti kwenye WhatsApp saa nane ya usiku wa kwetu: «Mjomba, niende ao ningoje?»

Kwanza ilibidi tuelewane juu ya hii osteopatia. Nyanya yake aliposikia jina, aliuliza kama mjukuu anakwenda kujifunza kuunga mifupa kama wale wazee wetu wa vijijini. Na mwalimu mmoja wa Kifaransa, mtu mwenye heshima, akamuunga mkono: kwa Wafaransa na Wabelgiji «ostéopathe» si daktari, ni mtu wa kukukanda mgongo. Yote mawili ni kweli kwa mahali pake. Lakini Marekani jina hilo lina njia nyingine. Lilianzishwa na daktari Andrew Taylor Still. Mwaka wa 1864 watoto wake watatu walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, naye akachoka na dawa za wakati ule ambazo nyingi zilikuwa zinaua kuliko kuponya. Mwaka wa 1892 akafungua shule yake Kirksville, katika jimbo la Missouri. Tangu hapo mambo yamebadilika mno. Leo mwanafunzi wa osteopatia anasoma dawa, upasuaji, uzazi, kila kitu anachosoma mwenzake wa shule nyingine, na juu yake anaongezewa masaa ya kujifunza kutibu kwa mikono. Akimaliza anaitwa DO, mwenzake anaitwa MD, na wote wawili wanapewa ruhusa ya kutibu na kupasua katika majimbo yote 50. Shule hizo sasa zimepita 40, na karibu mwanafunzi mmoja kati ya wanne wa udaktari kule anapita humo.

Nyanya aliridhika. Mwalimu hakuridhika sana, lakini alinyamaza.

Sasa visiwa. Sitaki kuwasema vibaya watu wa visiwani, maana wako madaktari wazuri sana waliotoka huko na wanatibu Marekani leo. Shule ya St. George's huko Grenada inafanya kazi tangu 1977. Utaratibu ni huu: miaka miwili ya kwanza unasoma kisiwani, miwili ya mwisho unafanya staji katika hospitali za Marekani. Zinapokea wanafunzi mara mbili hata tatu kwa mwaka, na haziangalii alama kwa ukali wa shule za bara. Kuingia ni rahisi. Taabu ni kutoka ukiwa na kazi.

Maana kule, shule ya udaktari peke yake haikufanyi uweze kutibu. Lazima baada yake upate nafasi ya mafunzo hospitalini, miaka mitatu ao zaidi. Kila mwezi wa tatu, kompyuta moja inaoanisha waliomaliza na hospitali zenye nafasi. Wenyewe wanaita Match. Mwaka wa 2024, katika wanafunzi wa osteopatia waliokuwa wanamaliza shule, 92.3 kwa mia walipata nafasi. Katika raia wa Marekani waliosomea nchi za nje, walioupata ni 67 kwa mia. Soma hesabu hiyo pole pole. Watatu wakienda kisiwani wakamaliza wakajiandikisha, mmoja anarudi nyumbani bila nafasi mwaka huo, na deni mgongoni. Na hesabu hiyo haiwagusi hata kidogo wale walioachia njiani, walioshindwa mtihani wa mwaka wa kwanza ao wa pili wakapanda ndege kurudi kwa mama yao. Hao hawamo, kwa sababu hawakufika kwenye kompyuta.

Kaka yangu mkubwa hakupenda maneno hayo. Tulikaa jioni ya Jumapili, watu tisa, uani kwangu. Akasema: «Dkt. Mukwege si alisoma nje? Angeogopa kuvuka mpaka, nani angewatibu mama zetu?» Ni kweli, Mukwege alisomea udaktari Bujumbura, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Nilimjibu kaka kwa heshima kwamba mfano ni mzuri lakini hauingii kwenye chungu hiki. Mukwege alisoma Burundi akaja kufanya kazi Lemera, kwetu, palipokuwa pakimngojea. Hakuna aliyemwambia arudi Bujumbura kuomba nafasi kwa bahati ya kompyuta. Huyu mtoto atasoma nchi moja ili akubaliwe na nchi nyingine, ambayo ina watoto wake wa kutosha wanaogombea mlango huo huo.

Kaka hakukubali. Alikuwa amekuja na pendekezo lake: tuuze kiwanja cha marehemu baba, kile cha kando ya barabara, tumtumie dola hizo 1,000 na tiketi. Na alikuwa na sababu moja iliyonipa shida kweli, nayo siwezi kuificha kwenu. Huyu binti anasema siku moja anataka kuja kutibu huku. Cheti cha MD kinaeleweka duniani kote. DO si kila nchi inamtambua kama daktari kamili. Huku kwetu, mtu lazima aandikwe katika Ordre des médecins ndipo atibu, na hebu fikirieni siku atakapofika ofisini Kinshasa na karatasi iliyoandikwa osteopatia, mbele ya mtu aliyesomea Ubelgiji! Atatumia mwaka mzima akieleza. Kaka yuko sawa hapo, na sikupata jibu la kumfunga mdomo. Nilimwambia tu kwamba daktari anayehitaji kueleza karatasi yake ni afadhali kuliko mtu asiye na nafasi ya mafunzo, kwa sababu huyo wa pili hatibu popote, si Lexington wala Baraka.

Tulikuwa na mgeni siku hiyo, muuguzi aliyekimbia kutoka upande wa Kamanyola mwezi wa pili, anayelala na watoto wake katika chumba changu cha nyuma. Alikuwa titulaire wa kituo cha afya; ninyi wa vijijini mnajua kwamba ndiye daktari, ndiye mkunga, ndiye mhasibu. Aliomba neno. Akauliza kwa nini hatumwambii mtoto awe muuguzi, kazi ambayo kule inalipwa na haingoji kompyuta. Wengine walicheka, mimi sikucheka. Nilimtumia binti swali hilo jinsi lilivyo. Akajibu kwamba amelifikiria miaka miwili, na anawaheshimu wauguzi kwa sababu anafanya kazi chini yao kila usiku, lakini anataka kuwa yule anayeamua dawa. «Nisipopata safari hii, mjomba, nitakwenda uuguzi na sitalia.» Nilipenda jibu hilo kuliko yote aliyonitumia.

Tuje kwenye makuta, kwa maana ndiyo yanayompa haraka. Hakuna mtu wa kwetu anayelipa shule hizo mfukoni. Wanakopa kwa serikali ya Marekani. Shule nyingi za osteopatia ni za binafsi na ada yake inapita dola 50,000 kwa mwaka, bado nyumba na chakula; shule za Karibi nazo si za bei ya chini. Zamani mwanafunzi aliweza kukopa gharama yote. Lakini sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa saba mwaka wa 2025 inasema kwamba kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba 2026, mkopaji mpya wa udaktari hatapita dola 50,000 kwa mwaka, wala 200,000 kwa jumla. Mtu wa shule ya kisiwani alimpigia simu akamwambia: ukianza nasi mwezi wa kwanza, utaingia kabla mlango haujafungwa.

Ni kweli, na ndiyo maana ni hatari. Kwanza, aliyekwisha kuanza na kukopa anabaki na mpango wa zamani kwa muda usiozidi miaka mitatu, na shule ni minne. Pili, mlango unaokuruhusu kukopa zaidi si zawadi. Nani atalipa akikosa nafasi hospitalini? Mama yake anayebeba maboksi ghalani usiku? Na riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza darasani, haingoji umalize.

Kuna jambo lingine ambalo yule wa simu hakumwambia, nasi tulilipata kwa kuulizauliza. Serikali ya Marekani ina msaada unaoitwa National Health Service Corps. Unamlipia mwanafunzi ada, naye anaahidi kufanya kazi mahali pasipo na madaktari, mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa, na si chini ya miwili. Ni kwa raia tu, naye amekwisha kuwa raia. Unawapa MD na DO sawasawa, lakini shule lazima iwe ndani ya Marekani. Aliye kisiwani haombi. Wanaoomba ni wengi na wanaopewa ni wachache, sisemi atapata. Nasema kisiwani hata kuomba hawezi.

Kwa hiyo mimi nilisema angoje, aombe tena. Si kungoja kwa kukaa, lakini. Mwaka jana alipeleka maombi mwezi wa kumi na mbili, na shule hizo zinagawa nafasi kadiri faili zinavyofika. Aliyekuja mwisho anakuta sahani imepanguswa. Safari hii faili iko tayari sasa. Mtihani wao wa kuingilia, MCAT, unahesabiwa kutoka 472 hadi 528, na katikati ni 500. Yeye alipata 498. Ataurudia mwezi huu. Ameacha zamu mbili kwa wiki ili asome. Tena, shule hizo zinataka kuona kwamba unaijua kazi yao, na yeye hakuwahi kukaa na daktari DO hata siku moja! Sasa kila Jumamosi anafuatana na mmoja katika kliniki ya milimani, mashariki ya Kentucky, ambako watu wanasafiri mbali kumwona daktari. Huko Pikeville kuna shule ya osteopatia iliyofunguliwa mwaka wa 1997 kwa sababu ya uhaba huo. Alinisimulia wazee waliofika na magoti yamevimba baada ya safari ya saa mbili, akasema amewaona wa Fizi wakiwa wazungu.

Tarehe ya kulipa ilipita Ijumaa iliyopita. Hakutuma kitu, na kiwanja cha baba bado ni chetu. Jumatatu shule ya kisiwani ikamwandikia tena: usijali, nafasi yako tunaweza kuisogeza hadi mwezi wa tano. Kaka anaona huo ni wema. Mimi najiuliza ni nafasi gani hiyo isiyojaa.

Mwezi huu ametuma dola 60, zilizobaki ni za mtihani. Dawa za nyanya tumenunua. Minervali ya watoto haikutosha. Nimekwenda kuonana na mkuu wa shule, amekubali wakae darasani hadi mwisho wa mwezi wa kumi.