Kulala Arabuko

Neno kambi halikuzaliwa kwa ajili ya starehe. Tuna kambi ya jeshi, kambi ya wakimbizi, kambi ya wajenzi wa barabara. Wavuvi wetu wa Pwani hupiga dago ufukweni msimu unapowapeleka mbali na kwao, na sijamsikia mvuvi akisema kwamba alikwenda dagoni kupumzika. Kulala nje kwa hiari, tena kwa kulipia, ni desturi niliyoizoea Ujerumani nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu. Huko niliona watu wazima, wenye nyumba na vitanda vyao, wakijitwika hema mgongoni Ijumaa jioni na kwenda kulala pembezoni mwa msitu. Niliwafuata, nikapenda. Ila misitu ile mingi ilikuwa imepandwa na mkono wa mtu: misonobari ya umri mmoja, imesimama safu kwa safu kama askari wa gwaride.

Niliporudi nyumbani nilitaka kulala katika msitu ambao hakuna aliyeupanda. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndicho kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Nilimwomba mjomba wangu anisindikize. Yeye alizaliwa karibu na Gede, akaokota kuni katika msitu huo utotoni, kisha akaishi miaka kumi na minane Jeddah, katika mtaa wa Karantina.

"Mpwa," aliniuliza, "yaani tuna nyumba, na bado tukalale porini?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na tutalipa?"

"Tutalipa."

Alicheka hadi akakohoa, kisha akaenda kutafuta tochi.

Tulisimika hema si mbali na kituo cha misitu cha Gede, kando ya barabara ya Mombasa na Malindi, tukaingia ndani na kijana mwenyeji anayewatembeza wageni. Kumbe kinachoitwa msitu mmoja ni misitu mitatu. Upande wa mashariki miti ya aina nyingi imechanganyika, mibambakofi ikiwa miongoni mwake. Katikati, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, imesimama mirihi, na kivuli chake ni chepesi kiasi cha mtu kuona mbali. Magharibi udongo ni mwekundu, na huko vichaka vimefungamana hata mwanga wa adhuhuri huingia kwa kujipenyeza. Njiani majani makavu yalichakarika, akapita mbio sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama ambaye makao yake duniani ni Pwani ya Kenya tu, na ngome yake ni msitu huu. Mjomba alimtambua kabla ya mwenyeji wetu kunyosha kidole. Aliwahi kumla.

Msitu huu ni wa kale, lakini haukukosa kuguswa. Kwa miaka mingi mbao zilitolewa humu, na mihuhu ikaishia kuwa vinyago vya kuuziwa watalii. Jirani yake, katika hori ya Mida, kuna mikoko, na mikoko ya pwani yetu ilikatwa kwa karne nyingi ikasafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kuezeka nyumba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Kwanza ilikwenda miti yetu, kisha tukaenda wenyewe.

Karantina ilipata jina kutokana na karantini ya zamani ya wasafiri waliofika kwa bahari. Wakati wa Mjomba ulikuwa mtaa wa Waafrika wa mataifa mengi, na wengi wao hawakuwa na ikama, kibali kile cha ukaazi ambacho bila hicho mtu hana jina. Miaka yake ya mwisho yeye pia hakuwa nacho. Alinieleza kwamba hakukumbuka mti wowote wa mtaa ule. Alikumbuka harufu ya maji machafu, adhana zikipokezana, na masikio yake mwenyewe, yaliyojifunza kutofautisha nyayo za jirani na za askari.

Jua lilipotua tulipelekwa kwa gari hadi kwenye udongo mwekundu kumsikiliza bundi wa Sokoke. Ni bundi mdogo, hafiki shubiri moja, na sayansi ilimtambua mwaka 1965 tu. Tulisimama kimya gizani, komba wakilia kama watoto, mpaka ule mlio mwembamba ukaja, ukajirudia, ukajirudia tena.

"Kwetu bundi akilia juu ya paa watu husoma dua," Mjomba alinong'ona. "Huyu, Wazungu wanapanda ndege kuja kumsikiliza."

Hatukulala mapema. Kilichomkosesha usingizi hakikuwa ndovu, bali uzio wa umeme uliowekwa ili ndovu wasiharibu mashamba. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu huu kuwa mali ya Taji mwaka 1932. Mstari ule uliokoa miti; anayetaka ushahidi na atazame mashamba yaliyoufikia mpaka pande zote. Lakini mstari huohuo uliwafanya Wawaata, wawindaji walioujua msitu kuliko yeyote, kuwa wavamizi katika msitu wao, na mtoto mwenye mzigo wa kuni akawa mhalifu.

"Mimi ni mtu wa kuvuka mipaka," alisema Mjomba. "Huku nilikimbizwa kwa kuni, kule kwa karatasi."

Kisha akanieleza jinsi alivyotazama kwenye simu, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021, tingatinga zikibomoa mitaa ya Jeddah, na Karantina ikiwamo. "Msitu una bahati, umeandikwa kwenye ramani. Sisi hatukuandikwa, ndiyo maana ilikuwa rahisi kutufuta."

Nilitaka kumjibu kwa mfano wa Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17 na misikiti yake ikafunikwa na miti. Kwamba kufutwa si mwisho wa kukumbukwa, kwani mwaka 2024 mji huo uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nilinyamaza. Ni faraja ya kumpa mtu aliyekufa karne nne zilizopita, si ya kumpa mtu anayewajua kwa majina waliokuwa wakilala chini ya mapaa yale.

Asubuhi, kabla ya kung'oa hema, aliuliza kuhusu Kipepeo, mradi ulioanzishwa Gede mwaka 1993. Wakulima wa pembezoni mwa msitu hufuga viwavi kwa majani ya mimea ya msituni, na mabuu yake huuzwa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Kila kaya inayoishi kwa kazi hiyo ina sababu ya kutaka miti isimame. Huo ni mpaka wenye mlango, na naamini milango kama hiyo italinda msitu kuliko waya.

Mlango mmoja bado ni mwembamba. Wajukuu wa Mjomba wanakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka uzio huo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia msituni mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, bila mzigo kichwani. Msitu unaojulikana na wageni wa Ulaya na usiojulikana na watoto wa Gede utatetewa na nani siku tingatinga zitakapoufikia? Mjomba ameniomba hema kwa likizo ya Agosti, na amesema safari hii atalipa mwenyewe.