Chombo Kimoja kwa Maji Mawili

Mji wa Kampala husifiwa kwa vilima vyake, na mgeni aliyefikia Nakasero au Kololo aweza kukaa juma zima asikumbuke kuwa amelala jirani na maji. Hata hivyo, mwendo wa kilomita kumi hivi kuelekea kusini watosha kumfikisha Ggaba, mahali ambapo barabara hukoma na ziwa huanza. Hapo mwaloni ataona mitumbwi mirefu ya mbao ikipakia sukari, sabuni na mabati ya kupelekwa visiwani. Akisogea kidogo hadi Munyonyo, ataona boti nyeupe za faibaglasi zimefungwa gatini, nyingine zikiwa na mlingoti mfupi wa chuma wa kufungia kamba ya mchezo wa kuteleza juu ya maji.

Kuna familia, na hata vikundi vya marafiki waliochanga fedha zao, vinavyotamani chombo kitakachofanya kazi zote mbili: Jumamosi kiwavute vijana juu ya mbao za kutelezea, na wakati wa likizo kiwachukue wazee na watoto mpaka visiwa vya Ssese, au kikokotwe kwa trela mpaka Mombasa. Je, chombo kimoja chaweza kutumikia maji mawili? Ndugu msomaji, chaweza, lakini kwa sharti moja: kichaguliwe kwa kuyafikiria maji makali, kisha mchezo ukubali kupokea kinachobaki.

MAJI MAWILI KATIKA ZIWA MOJA

Mkazi wa Kampala hana haja ya kwenda mbali ili aione tofauti hiyo. Ghuba ya Murchison, inayozipakana Port Bell, Ggaba na Munyonyo, imekingwa na nchi kavu pande nyingi. Asubuhi, kabla ya upepo wa ziwani kuamka, maji yake hutulia kama mafuta ndani ya karai. Lakini mtu akishaupita mlango wa ghuba hiyo na kuelekea kusini, anaingia katika ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Hapo upepo una nafasi ya kukimbia mbali bila kizuizi, na kina cha ziwa kwa wastani ni mita 40; mawimbi yake huwa mafupi, yaliyosimama, yenye kufuatana upesi. Nahodha wa pwani aliyezoea mawimbi marefu ya Bahari ya Hindi huweza kuyadharau mara ya kwanza, asiyadharau tena mara ya pili. Radi na tufani za ziwani hujikusanya zaidi usiku na aghalabu huendelea hadi alfajiri.

Wazee wa Ssese walilifahamu jambo hili zamani. Mitumbwi yao haikuwa magogo yaliyochimbwa tu: ilijengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea juu ya mkuku mrefu, na mkuku huo ulitokeza mbele ya omo ili uyapasue mawimbi. Umbo lile lilifundishwa na maji yenyewe.

Naye H. M. Stanley, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874, alikuja na mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Teddington nchini Uingereza na kukatwa vipande ili wapagazi waichukue mabegani hadi ziwani. Mwezi Aprili 1875 mashua hiyo ilimfikisha kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, huko Usavara, si mbali na Munyonyo ya leo. Tangu enzi hizo, basi, mwenye kutaka chombo cha kuhama kutoka maji haya kwenda yale amelazimika kufikiri mambo matatu: umbo, uzito na njia ya kukisafirisha nchi kavu.

UMBO LA TUMBO

Mchezo wa kuteleza juu ya maji ulianzishwa na Ralph Samuelson mwaka 1922, katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, Marekani. Boti iliyoundwa mahsusi kwa mchezo huo ina tumbo lililo karibu na ubapa upande wa tezi, ubavu mfupi, na injini iliyowekwa katikati. Sababu ni kwamba mchezaji hupenda maji laini nyuma ya chombo, nayo boti bapa na nyepesi huacha mawimbi madogo. Lakini boti hiyo hiyo ikikutana na mawimbi ya ziwa wazi hupigapiga kama sinia lililoangushwa sakafuni, na maji huingia kwa urahisi kupitia ubavu wake mfupi.

Boti ya safari ina tumbo lenye umbo la herufi V. Pembe yake hapo tezini huweza kufikia digrii 21 au zaidi. Hukata wimbi badala ya kulipiga, lakini huhitaji nguvu nyingi zaidi, huyumba inaposimama, na huacha nyuma mawimbi makubwa yanayomchosha mwanafunzi wa kuteleza.

Kwa familia inayotaka yote mawili, njia ya kati ni boti ya futi 18 hadi 20, yenye pembe ya digrii 17 hadi 19 tezini, ubavu mrefu kiasi cha kumzuia mtoto asianguke, na mlingoti wa kuvutia unaoweza kuondolewa. Bingwa wa mchezo atalalamika kidogo kuhusu mawimbi yake. Mama mwenye watoto wanne anayerudi kutoka kisiwani jioni yenye upepo hatalalamika.

Mnunuzi wa boti iliyotumika asidanganywe na rangi. Boti nyingi za faibaglasi zina mbao ndani ya ukuta wa tezi, pale injini inapofungwa. Maji yakishapenya, mbao huoza kwa siri. Mnunuzi agonge kwa nyundo ndogo: palipo pazima hulia kwa sauti kavu na kali, palipooza hutoa sauti nzito iliyokufa.

INJINI NA MWINUKO

Ziwa letu liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, nayo injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Injini ya nguvu farasi 115 iliyofanya kazi vizuri Mombasa, ikifika Ggaba itakuwa kama ya 100 na kitu, na huenda ikashindwa kumwinua mtu mzima kutoka majini upesi. Ama inunuliwe yenye nguvu zaidi, ama ibadilishwe rafadha, ile panga inayozunguka majini, iwekwe yenye mwinamo mdogo. Tena, maji baridi ya ziwani hayabebi chombo sawasawa na maji ya chumvi. Shehena ile ile hukizamisha chombo zaidi kidogo.

Gugu maji nalo lisisahauliwe. Huzonga rafadha na kuziba tundu linaloingiza maji ya kupozea injini. Dereva asiyelitazama bomba la maji ya kupozea ataunguza mashine yake bila kujua.

KWENDA PWANI

Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na chombo kilichovuka mwendo huo hukutana na mambo mageni kwake. Ziwani maji hayapwi. Mombasa wakati wa bamvua hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na mahali palipoelea boti asubuhi huwa mwamba mtupu mchana. Mwenye kuteleza ataridhika ndani ya mikono ya bahari kama Mtwapa na Kilifi, kulikokingwa. Mwenye kusafiri azihesabu pepo za kusi na kaskazi kabla ya kung'oa nanga. Kila jioni injini isafishwe kwa maji baridi, na trela vivyo hivyo. Vipande vya zinki vinavyofungwa chini ili viliwe na chumvi badala ya injini havifai sana katika maji baridi. Ziwani hutumika vya magnesi.

KWA WENYE NYUMBA

Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na Mutima, wilayani Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa wakiwa karibu na ufuko. Ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi na hali yake ilikuwa mbovu. Ndugu zetu askari na wavuvi walioingia majini usiku ule kuwaokoa watu hawahitaji kuelezwa thamani ya jaketi la kujiokolea.

Basi, bajeti ya boti ianze na majaketi, moja kwa kila kichwa na dogo kwa kila mtoto, kisha ndipo yafuate mapambo. Petroli igawanywe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu lisiloguswa. Katika mchezo wawepo daima watu wawili botini, mmoja wa kuendesha akitazama mbele, na mwingine wa kumtazama anayevutwa. Na injini izimwe kabla mtu hajaukaribia mkono wa chombo apande, kwa kuwa rafadha ya injini ya tezini haina macho. Mchezo usifanywe kando ya mafunjo, kwenye viboko na konokono wa kichocho, wala karibu na mahali mfereji wa Nakivubo unapomwagia uchafu wa mji.

Na kabla ya kulipa, familia ijiulize swali moja. Yasiwe maswali ya mwendo kasi wala ya rangi ya viti, yawe hili tu: upepo ukigeuka tukiwa nusu ya njia kutoka Ssese, watoto wamelala na petroli imebaki fungu moja, je, chombo hiki kitatufikisha Ggaba? Muuzaji akisita kujibu, fedha na zirudi mfukoni.