Espérance, Esp2rqnce

Kabla ya simu za kisasa kuenea Uvira, mashariki mwa Kongo, kompyuta zilitufikia mtaani kwetu Rugenge kwa njia mbili, na kila njia ilikuwa na kibodi yake. Zilizopitia Dar es Salaam na Kigoma, zikavushwa Ziwa Tanganyika hadi bandari ya Kalundu, zilikuwa na kibodi ya Kiingereza, inayoanza na Q na W. Zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa, nyingi zikiingilia mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura, zilikuwa na ile ya Kifaransa, inayoanza na A na Z. Sisi mafundi wa sekretaria, yale maduka ya kuchapa barua na kupiga fotokopi, tulilazimika kuzijua zote mbili kwa vidole.

Siku hizo watu wengi walichagua nenosiri kwa imani au kwa mapenzi: Jésus, Bénédiction, Espérance, na nyuma yake mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Kifaransa ndicho lugha ya shule na ofisi kwetu, kwa hiyo é si pambo. Bila hiyo jina limeandikwa vibaya. Lakini programu nyingi tulizoletewa zilijengwa juu ya ASCII, orodha ya Kimarekani ya mwaka 1963 yenye nafasi 128 tu, na é haimo.

Namkumbuka mhasibu mmoja, mama makini kuliko wengi niliowahudumia. Tulikuwa tunamwekea mfumo wa Linux. Aliandika Espérance mwenyewe, akalirudia, skrini ikaonyesha nyota tu, na kazi ikaisha bila lalamiko lolote. Mashini ilipowashwa upya ikamkataa.

“Papa, mimi niliandika vile vile,” aliniambia.

Na kweli aliandika vile vile. Kibodi ya mezani ilikuwa ya Kifaransa, ila wakati wa usakinishaji mfumo uliisoma kama ya Kiingereza; ulipowashwa upya ukaisoma kama ya Kifaransa. Kitufe cha A kilihesabiwa Q, na kitufe cha é, ambacho kiko mahali pa 2, kilihesabiwa 2. Nenosiri lililohifadhiwa lilikuwa Esp2rqnce, nyuma ya nyota, asilione mtu. Tangu hapo kila mteja nilimwomba kwanza aandike neno la majaribio lenye herufi hizo ngumu kwenye nafasi ya jina, mahali ambapo herufi zinaonekana, ndipo aingize siri yake.

Kisha zikaja zama za masharti. Mwaka 2003 Bill Burr, mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo wa manenosiri uliosomwa dunia nzima: changanya herufi kubwa, tarakimu na alama. Mashirika yaliyofanya kazi kwetu yalikuja na kanuni hizo. Fomu ikawa inadai alama, na programu ile ile, ikishapewa alama, inakwama.

Kituo kimoja cha afya kilikuwa kinaweka programu ya kuhesabu dawa. Nenosiri la hazina ya data lilikuwa na @ katikati, tuseme Tanganyika@2015. Fomu ikalikubali. Usakinishaji ukasonga karibu na mwisho, kisha ukatangaza kwamba seva haipatikani. Watu wakakagua nyaya, wakalaumu mtandao. Jenereta inanguruma, kwa kuwa umeme wa mto Ruzizi ulikuwa umekatika, na mafuta yananunuliwa kwa pesa ambayo ingenunua dawa. Chanzo kilikuwa hiki: programu iliunganisha jina, nenosiri na seva katika anwani moja, na @ ndiyo mpaka kati ya nenosiri na seva. Ilipokutana na @ ya kwanza ikakata hapo hapo, ikaanza kutafuta seva iitwayo 2015. Dawa yake ni fupi: ndani ya anwani @ iandikwe %40. Aliyeitunga programu ndiye aliyepaswa kulifanya hilo, kwa mstari mmoja, mara moja, kwa ajili ya wote.

Kila alama ina ugomvi wake. Kwenye Windows, & hutenganisha amri na % hulizunguka jina la kigezo; kwenye Linux $ hulitangulia. Kiswahili chenyewe, ambacho watu hudhani kiko salama kwa sababu hakina é, kina maneno kama ng'ambo. Ile alama ndogo ndani ya ng' ndiyo inayofunga maandishi katika amri za SQL, lugha ya hazina za data, na mtungaji asiyejihadhari amri yake hukatika hapo. Tena baadhi ya programu huipinda alama hiyo, nyingine huiacha wima, na kwa mashini hizo ni alama mbili tofauti.

Mambo yamebadilika. UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, sasa imeenea karibu kila mahali, ikaipa é nafasi yake halali, ingawa inachukua baiti mbili pale mfumo wa zamani ulipotumia moja, na mifumo hiyo miwili ikikutana nenosiri halilingani. Mwaka 2017 NIST iliacha kupendekeza masharti ya kuchanganya alama. Ikasema urefu una maana zaidi, na kwamba programu zipokee hata nafasi tupu na herufi za lugha zote. Burr mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Siku hizi wateja wangu nawashauri wachague maneno manne au matano yasiyohusiana, marefu, rahisi kukumbuka.

Hata hivyo bado nasikia mafundi wakimwambia mzee wa watu, “Toa hiyo alama, uweke neno la kawaida.” Espérance ni neno la kawaida Uvira. Vijana mnaoandika programu leo hapa, Bujumbura na Kigoma, nawaomba: kabla hamjamkabidhi mtu kazi yenu, isakinisheni kwa nenosiri lenye é, @, % na ng'ambo ndani yake, kwenye kibodi zote mbili. Ikikwama, msimwambie mteja abadilishe neno lake. Rekebisheni programu.