Kayaki na Besi wa Milia katika Ghuba ya Cape Cod

Rasi ya Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, imechomoza katika bahari ya Atlantiki mfano wa mkono uliokunjwa kiwiko, na ndani ya mkunjo huo imelala ghuba yenye mafungu mengi ya mchanga. Katika mji mdogo wa Wellfleet, ifikapo majira ya joto, watu huonekana kabla ya mapambazuko wakiburura vyombo vyembamba vya rangi ya manjano na nyekundu kuelekea majini. Kila chombo hubeba mtu mmoja, kafi moja na fito mbili tatu za kuvulia. Anayetafutwa ni besi wa milia.

Kayaki si chombo kigeni katika bahari za kaskazini. Wainuiti wa Greenland, Kanada na Alaska waliiunda tangu zamani kwa kiunzi cha mti au mfupa wa nyangumi, wakakivika ngozi za sili, wakaitumia kuwinda. Hii ya wavuvi wa leo ni ya plastiki tupu, nayo mara nyingi ina urefu wa mita tatu na nusu hadi nne. Mwenye nayo hakai ndani, bali hukaa juu yake, na maji yanayomwagika hutoka yenyewe kupitia matundu yaliyotobolewa hadi chini. Nyingine huendeshwa kwa kukanyaga kwa miguu, ili mikono ibaki huru kushika ufito. Faida yake kubwa ni kwamba haina kishindo, tena hupita katika maji yasiyofika gotini, ambamo mashua ya mashine ingekwama au ingewatisha samaki.

Besi mwenyewe ni samaki wa fedha, mwenye milia saba au minane myeusi iliyonyoka kutoka shavuni hadi mkiani. Huzaliwa katika maji baridi ya mito, hasa ile inayoingia katika ghuba ya Chesapeake, na pia mto Hudson. Akikua hushika njia ya bahari. Wakati wa machipuko hupanda kaskazini akifuata heringi na vibua, na majani yanapopukutika hurejea kusini. Huweza kuishi miaka 30. Mkubwa kuliko wote aliyewahi kunaswa kwa mshipi na kuandikwa katika kumbukumbu alivuliwa mwaka 2011 katika maji ya Connecticut, na uzito wake ulikuwa kama kilo 37.

Mahali wanapopapenda wenye kayaki wa Wellfleet ni fungu la Billingsgate, mbele ya ncha ya Jeremy Point. Fungu hili lilikuwa kisiwa. Katika karne ya 19 palikuwa na nyumba zipatazo 30, shule, na mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1822. Bahari ikaanza kuula mchanga. Wenyeji waliona hawana budi kuhama, na baadhi yao walizipakia nyumba zao juu ya vyelezo wakavuka nazo hadi bara. Mnara ulianguka mwaka 1915, na kufikia mwaka 1942 kisiwa kizima kilikwisha zama. Siku hizi, maji yanapopwa, mawe ya msingi hutokeza tena kwa muda, na kayaki huelea pale palipokuwa na mitaa ya watu.

Hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa ni karibu mita 3, nayo ndiyo saa ya mvuvi. Mkondo unaporuka ukingo wa fungu, samaki wadogo husukumwa pamoja, na besi huwangoja upande wa kina. Mvuvi hukokota nyuma yake mpira mrefu mwekundu, mwembamba kama kidole, uliopindwa kidogo ili uzunguke polepole, na kwenye ndoana ya mwisho huchomeka mnyoo wa matope. Siri yote ni mwendo wa taratibu, na mwendo wa kafi ndio huo hasa. Samaki akimeza, kayaki nayo hugeuzwa ikavutwa kokote atakako. Besi wa kilo 15 aweza kumzungusha mtu mzima kwa dakika nyingi kabla ya kuchoka.

Lakini maji haya si ya mzaha. Mwezi Mei na mwanzoni mwa Juni huwa bado ni baridi kiasi cha kumlegeza mikono aliyepinduka, na ukungu huweza kushuka ghafla hata ufuko usionekane. Kwa hiyo mwenye busara huvaa jaketi la kuelea, hubeba dira na filimbi, tena humwachia mtu wa nyumbani habari ya saa atakayorudi. Papa weupe nao wameongezeka, kwa sababu sili wamezidi kwa wingi tangu sheria ya mwaka 1972 ya kuwalinda wanyama wa baharini. Mwezi Septemba 2014, karibu na Plymouth, ng'ambo ya ghuba hiyo hiyo, papa aliwapindua wanawake wawili waliokuwa katika kayaki wakitazama sili. Wote wawili waliokolewa.

Hata hivyo aliye hatarini zaidi ni besi. Watu wa pwani hii walianza zamani kumwonea uchungu: mwaka 1639 wakoloni wa Massachusetts walipiga marufuku kumfanya mbolea ya mashamba. Katika miaka ya 1970 alipungua vibaya, hata jimbo la Maryland likafunga kabisa uvuvi wake kuanzia mwaka 1985 hadi 1990. Alirudi kwa wingi, na mwaka 1995 ikatangazwa kuwa amepona. Tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kuwa amevuliwa kupita kiasi tena, na tangu mwaka huo huo mazao katika maji ya Maryland yamekuwa haba. Ndiyo maana mwaka 2023 wavuvi wa burudani baharini waliwekewa kipimo chembamba: samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa sentimita 71 hadi chini kidogo ya 79. Wengine wote hurudishwa.

Nao kurudishwa si kupona. Wataalamu hukadiria kuwa katika kila samaki 100 wanaoachiwa, 9 hufa baadaye, na maji yakiwa ya moto hufa zaidi. Kwa sababu hiyo wako wavuvi ambao, joto la Agosti likizidi, huivuta kayaki juu ya mchanga wakangoja Septemba, ingawa sheria haiwazuii.

Jua likishapanda, mvuvi wa Billingsgate humlaza besi wake juu ya kipimo kilichobandikwa ubavuni mwa chombo. Sentimita 84. Humshika taya la chini, akamwegemeza majini akielekeza kichwa kwenye mkondo, hata mkia upige mara moja na mkono ubaki mtupu. Meno ya besi ni madogo na makwaruzo kama msasa, na kidole gumba cha mvuvi hubaki kimechubuka kwa siku kadhaa. Wenzake wakikiona hawana haja ya kumwuliza alikuwa wapi.